Uzi wa nyuzi joto 9,725: vifaa vya kujengea kinu cha fyusheni (muungano wa viini vya atomi) kwenye mchezo wa kompyuta The Powder Toy

TanuriKuu · #1

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: "Nimejenga kinu kwa TTAN (titani), nikawasha, kuta zote zikawa LAVA. Nipeni kifaa kinachohimili joto zaidi." Tuliweke sawa hapa.

Tuanze na mipaka ya mchezo wenyewe. Joto halivuki kelvini 9,999, yaani nyuzi 9,725.85 za Selsiasi. Presha inacheza kati ya -256 na 256. Uwanja ni pikseli 612 kwa 384, lakini hewa haihesabiwi kwa pikseli. Inahesabiwa kwa vyumba vya pikseli 4 kwa 4. Hilo la vyumba lishike vizuri, limebomoa vinu vingi kuliko joto.

HYGN (haidrojeni) inaanza kuungana pale masharti mawili yanapokutana mahali chembe ilipo: joto zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi na presha zaidi ya 50. Hapo kila fremu (hatua moja ya mchezo) chembe ina nafasi 1 kati ya 5 ya kugeuka NBLE (gesi adimu). Ikigeuka inatema NEUT (nyutroni), inatema PHOT (fotoni), mara moja katika kumi inatema na ELEC (elektroni), na PLSM (plazima) inazaliwa pembeni kama kuna nafasi. Joto la chembe linaruka kati ya 750 na 1,249 juu ya lilivyokuwa, na presha ya chumba kile inaongezeka 30.

Piga hesabu. Matukio mawili matatu kwenye chumba kimoja, presha imeshapita 100. Joto likipita 5,000 hapo, NBLE nayo inaungana kuwa CO2, na safari hii joto linaruka 1,750 au zaidi na presha 50. Ikipita 9,500 na presha 200, CO2 inakuwa O2 na joto linagonga dari. Kwa maneno mengine, ukishawasha na presha ikabaki ndani, joto linakwenda hadi mwisho wa kipimo. Chochote chenye nyuzi ya kuyeyuka kitayeyuka, tofauti ni fremu ngapi.

Ndiyo maana "kipi kinahimili zaidi" ni swali linalokupoteza. Kinu kina kazi tatu: kuzuia chembe, kuzuia joto, kuzuia presha. Ukiacha kuta za menyu ya kuta, hakuna kifaa kinachofanya zote tatu. Kwa hiyo gawa kazi, kutoka ndani kwenda nje: DMND (almasi), kisha HSWC (swichi ya joto) iliyozimwa, kisha TTAN.

mgeni_hapa · #2

Mkuu, DMND haiharibiki kwa chochote. Kwa nini nisijenge yote kwa DMND nikamaliza?

FundiAlmasi · #3

Kwa sababu hewa inapita kwenye DMND kana kwamba haipo. Bonyeza 2 uone mwonekano wa presha, kisha weka pete ya DMND na uitie presha katikati: wingu linatoka nje bila hata kupunguza mwendo. Presha ikishuka chini ya 45, HYGN inarudi kuwa gesi ya kuwaka ya kawaida. FIRE au PLSM ikiigusa inaungua, haiungani tena. Unabaki na moto ndani ya boksi la almasi.

Halafu DMND inapitisha joto vizuri sana. Haiyeyuki yenyewe, ila kilicho nyuma yake kitajua kuwa ndani kuna moto.

Kiwandani24 · #4

Naongeza nyuzi za kuyeyuka, maana watu wanazitaja kwa kubahatisha:

METL (metali) 1,000. IRON (chuma) 1,414, na PSCN (kipitisha umeme cha aina ya P) ni hiyo hiyo. TTAN 1,668. GLAS (kioo) 1,700. QRTZ (kwatzi) 2,300. CRMC (kauri) 2,614. TUNG (tangsteni) 3,422.

Ukiangalia hivi utakimbilia TUNG. Usikimbilie. TUNG ni tangsteni dhaifu kwa mshtuko: presha ikibadilika zaidi ya 0.5 kati ya fremu moja na inayofuata, inapasuka na kuwa BRMT (vipande vya metali iliyovunjika). Tukio moja tu la fyusheni linaongeza 30. Yaani kuta zako zinakuwa chengachenga kabla hata joto halijazifikia. QRTZ na GLAS zina ugonjwa huo huo, nazo hupasuka presha ikiruka ghafla.

Inachekesha kwa sababu kwenye dunia halisi tangsteni ndiyo inayotegemewa. Mradi wa ITER kule Cadarache, Ufaransa, ulitangaza mwaka 2023 kuwa ukuta wa kwanza wa ndani utakuwa wa tangsteni badala ya berili. Lakini kule plazima inashikwa na sumaku, haisukumi ukuta kwa presha kama hapa.

Bi_Nyutroni · #5

CRMC isidharauliwe. Kauri hii nyuzi yake ya kuyeyuka inapanda na presha: chukua wastani wa presha ya chumba chake na vya jirani, zidisha kwa 10, jumlisha na 2,614. Presha 100 inakupa kama 3,614. Presha 256 inakupa kama 5,174. Kwa mapigo mafupi ya HYGN pekee, ambapo hufiki hatua ya NBLE, CRMC inaweza kusimama ndani bila DMND.

Mitego yake ni miwili. Ukifungua kinu presha ikaondoka ghafla huku ukuta bado una nyuzi 3,500, CRMC inayeyuka wakati huohuo, kwa sababu kilichokuwa kinaishikilia ni ile presha. Na presha ikishuka chini ya -30 inavunjika na kuwa CLST, vumbi la udongo. Kwa hiyo usinyonye gesi kwa PUMP (pampu ya presha) yenye thamani hasi ukiwa na ukuta wa CRMC. Poza kwanza, ndipo ushushe presha.

TanuriKuu · #6

Sahihi, Bi. Ila kwa kinu cha kuendelea, 5,174 ni nusu tu ya dari. CRMC iwe ya mapigo.

mgeni_hapa · #7

Naomba vipimo kamili vya hizo tabaka tatu, kama inawezekana na namba za pikseli. Na kwa nini HSWC? Mafunzo yote yanasema INSL ndiyo kihami (kizuia joto).

FundiAlmasi · #8

Vipimo hivi vimepangwa kwenye mistari ya vyumba vya hewa. Bonyeza G kuleta mistari ya gridi na D kuona namba za mahali kishale kilipo.

Nje kabisa TTAN, kuanzia x 200 hadi 263 na y 120 hadi 183, unene pikseli 4.
Ndani yake HSWC, x 204 hadi 259 na y 124 hadi 179, unene 4.
Ndani yake DMND, x 208 hadi 255 na y 128 hadi 175, unene 4.
Unabaki na chumba cha pikseli 40 kwa 40, x 212 hadi 251 na y 132 hadi 171.

Kila namba ya kuanzia inagawanyika kwa 4, na hiyo si kwa ajili ya urembo. TTAN inafunga chumba cha hewa kizima hata ikiwa ndani yake na pikseli chache. Ukipanga ovyo, TTAN itafunga vyumba usivyokusudia, au itaacha kimoja wazi kwenye kona, na kimoja kikiwa wazi presha yote itapitia hapo.

Kingine kuhusu TTAN: pikseli ya TTAN inafunga hewa ikiwa imezungukwa na TTAN nyingine, au angalau ina TTAN mbili zinazoigusa kwa ubavu, yaani juu, chini, kushoto au kulia. Mstari wa mshazari wa pikseli moja unaogusana kwa pembe tu haufungi chochote. Watu wanaopenda vinu vya duara ndio wanaoumia hapa: duara la unene wa pikseli 1 lina sehemu nyingi za mshazari. Unene wa 3 au 4 unaondoa tatizo.

Suala la HSWC namwachia Kiwandani24.

Kiwandani24 · #9

INSL ni kihami kweli, haipitishi joto hata chembe. Tatizo inawaka moto, na watu hawaamini mpaka waone. Uwezekano wake wa kushika moto ni 7 kati ya 1,000 kila inapoguswa, ambao ni mdogo ukiwa kwenye presha ya kawaida. Lakini mchezo unaongeza 10 kwenye hiyo 7 kwa kila kipimo 1 cha presha. Kwenye presha 100 inakuwa 1,007 kati ya 1,000. Hapo hakuna bahati nasibu tena, inaungua.

"Lakini INSL yangu iko nyuma ya DMND." Ya unene gani? FIRE na PLSM hukagua majirani hadi umbali wa pikseli 2. DMND ya unene 1 haizuii chochote hapa. PLSM iliyo ndani inaiona INSL iliyo upande wa pili wa almasi na kuichoma. Ndiyo maana watu wanaleta picha wakisema almasi imevuja, kumbe haijavuja. DMND ya unene 2 ndiyo kima cha chini, 4 ndiyo ya kulala usingizi.

HSWC ikiwa imezimwa inafanya kazi ileile, haiwaki, haiyeyuki. Ikaguliwe tu kwa D: life (namba ya hali ya chembe) iwe 0. FRME (kiunzi) nayo ni kihami kizuri kisichowaka, ina faida yake nitakayoisema baadaye.

ChecheZaPwani · #10

Kuna wanaoacha nafasi tupu ya pikseli 1 au 2 kati ya DMND na TTAN badala ya kihami. Kwenye mchezo huu chembe hupeana joto kwa kugusana, kwa hiyo nafasi tupu ni kihami cha bure. Inafanya kazi?

FundiAlmasi · #11

Inafanya kazi kwa masharti mawili. La kwanza, isiingie chembe yoyote humo. HYGN moja ikipenya wakati unajaza, inakuwa daraja linalozunguka.

La pili, joto la hewa liwe limezimwa, ile inayowashwa kwa U. Ukiliwasha, hewa yenyewe inabeba joto kutoka DMND hadi TTAN na nafasi yako haina maana tena.  Kinachookoa ni TTAN kuwa peke yake kwenye vyumba vyake, kwa kuwa inazuia pia joto la hewa kuingia. TTAN ikichangia chumba kimoja na DMND, imekwisha. Ndiyo sababu nyingine ya zile namba zinazogawanyika kwa 4.

mgeni_hapa · #12

Nimejenga kwa vipimo vya #8. Nikaweka PUMP ndani ya tabaka la DMND, nikapitisha waya wa PSCN kutoka nje hadi kwenye PUMP. Nilipotia cheche, presha ilipanda vizuri, fyusheni ikawaka, halafu TTAN ikayeyuka pande zote nne kwa mpigo. Si upande wa waya tu. Kosa liko wapi?

Kiwandani24 · #13

Kosa ni waya. PSCN yenye cheche inawasha PUMP, sawa, lakini inawasha pia HSWC yoyote iliyo ndani ya pikseli 2. Na HSWC ikiwaka inaambukiza HSWC za jirani mpaka pete nzima. Umegeuza kihami chako kuwa njia ya joto kwa cheche moja. Ndiyo maana TTAN imekwenda pande zote.

PUMP haihitaji waya kabisa. Chukua PROP (zana ya kubadilisha namba za chembe) kwenye menyu ya zana, andika life, thamani 10, gusa PUMP. PUMP yenye life 10 inabaki imewaka mpaka uizime. Kisha PROP tena, temp, weka presha unayotaka kama nyuzi za Selsiasi: temp ya nyuzi 70 ni presha 70. PUMP haipokei joto, kwa hiyo hiyo 70 haitabadilika hata ikiogelea kwenye PLSM.

Kama waya ni lazima, mahali unapopita weka FRME badala ya HSWC, pikseli 4 kila upande wa waya. Na PSCN isiangaliane na chumba cha ndani. ELEC za fyusheni zikigonga kitu kinachopitisha umeme zinazaa cheche, na swichi zako zitaanza kujiwasha zenyewe.

TanuriKuu · #14

Hapo kwenye thamani ya PUMP pana jambo kubwa ambalo wengi hawalioni. PUMP haisukumi tu, inavuta kuelekea namba yake. Kila fremu, kila pikseli ya PUMP iliyowaka inasogeza presha ya chumba chake na vyumba vinne vya ubavuni kwa sehemu ya kumi ya tofauti iliyopo. Ukiiacha imewaka kwenye 70, presha ikipanda 130 inaishusha. Ni pampu na ni vali ya usalama.

Kwa hiyo 70 inakupa HYGN inayoungana, maana ni zaidi ya 50, na NBLE isiyoungana, maana haifiki 100. Ukiweka 256 kwa kuwa ndiyo namba kubwa, umeagiza hatua zote hadi O2.

Kwa kinu cha #8 weka vipande vinne vya PUMP, kila kimoja 4 kwa 4, katikati ya kila upande ndani ya tabaka la DMND. Cha kushoto kikae x 208 hadi 211, y 148 hadi 151. Cha juu x 228 hadi 231, y 128 hadi 131. Vingine viwili fuata ulinganifu. Kimoja tu hakitoshi, kwa sababu vyumba vya upande wa pili wa kinu vitapanda juu ya 100 kabla hewa haijasambaa.

ChecheZaPwani · #15

Mpangilio wa kuwasha uko vipi? Wengine wanaanza na joto.

Bi_Nyutroni · #16

Ukianza na joto na kuna mwali popote, HYGN inaungua kabla ya presha kufika. Presha kwanza, siku zote.

Simamisha mchezo kwa kitufe cha nafasi. Jaza HYGN ndani. Weka PUMP life 10 na temp ya nyuzi 70. Achia mchezo huku ukiangalia mwonekano wa 2, subiri mpaka kishale kionyeshe zaidi ya 50 katikati na kwenye kona zote nne. Simamisha tena. Fungua konsoli, andika

!set temp hygn 3000

Hiyo ni kelvini, sawa na nyuzi 2,726.85. Funga konsoli, kisha usiachie mchezo ukimbie. Bonyeza F, fremu moja moja. Kwenye fremu 20 za mwanzo utaona kila kitu: tabaka gani linapasha, chumba kipi kinavuja. Kwa nafasi ya 1 kati ya 5 kila fremu, HYGN 1,600 zinabaki kama 18 baada ya fremu 20 masharti yakishikilia. Kwa kasi ya kawaida ya fremu 60 kwa sekunde hiyo ni theluthi moja ya sekunde, jicho halioni kitu.

Badilisha kwenda 6, mwonekano wa joto, uangalie TTAN. Ikianza kubadilika rangi fremu za mwanzo, kuna daraja mahali. Mara nyingi ni pikseli moja ya DMND iliyochorwa kupita kiasi ikagusa TTAN.

mgeni_hapa · #17

Imekubali! TTAN imebaki nyuzi 22 kwa dakika nzima. Sasa HYGN imeisha. Nikiongeza kwa CLNE (kifaa kinachonakili chembe) fyusheni inazimika.

Bi_Nyutroni · #18

CLNE inazaa HYGN ya nyuzi 22, nyingi, kila fremu. Unamwagia kinu maji baridi, kwa lugha nyepesi. Wastani ukishuka chini ya 2,000 umezima.

Tumia PCLN (CLNE ya kuwasha na kuzima), pikseli 2 au 3 tu ndani ya tabaka la DMND, uiwashe kwa PROP life 10 kwa muda mfupi, uizime kwa life 0, usubiri joto lipande, urudie. PCLN haiyeyuki. Ila ichorwe HYGN juu yake kabla ya kuwasha kinu, maana PCLN isiyo na maagizo inanakili kitu cha kwanza kuigusa. Ikigusa PLSM, ndicho itakachozaa.

Na uondoe majivu. Ukizuia NBLE isiungane, inajaa mpaka HYGN mpya haina mahali pa kukaa. Weka pikseli chache za VOID (kifaa kinachomeza chembe) kwenye tabaka la DMND upande wa pili, chora NBLE juu yake. Itameza NBLE tu, HYGN itairudisha. Usiiache VOID bila kuichorea, itameza kinu chote.

PIPE (mabomba) za kuingiza gesi msizitumie hapa. Presha ikipita 10 zinavunjika kuwa BRMT.

ChecheZaPwani · #19

Swali la mwisho kwangu: joto la kutumia tunalitoaje? Kinu kisichochemsha maji ni pambo. DMND ikipita kwenye TTAN presha inavuja, TTAN ikigusa DMND inayeyuka, na kuta hazipitishi joto.

FundiAlmasi · #20

Hapa ndipo lile la vyumba linageuka kuwa rafiki. Kumbuka TTAN haihitaji kujaza chumba ili kukifunga. Chukua chumba kimoja cha pete ya nje, 4 kwa 4, na ukipange hivi kutoka juu:

mstari wa kwanza: TTAN, TTAN, TTAN, FRME
mstari wa pili: FRME nne
mstari wa tatu: DMND nne
mstari wa nne: DMND nne

TTAN ya katikati ina wenzake wawili ubavuni, hiyo inatosha kufunga chumba kizima dhidi ya hewa. Wakati huohuo DMND ya mistari miwili ya chini inatoka ndani hadi nje kama daraja la joto. FRME inatenganisha hizo mbili. Presha haipiti, joto linapita.

Angalia chumba kilicho chini yake: mstari wake wa kwanza kabisa lazima uwe FRME, la sivyo DMND ya daraja itagusa TTAN ya chini. Mitatu inayobaki ijae TTAN. Watu wanasahau huu mstari, na kinu kinayeyuka kuanzia hapo kwenda chini.

Nyuma ya daraja, kwenye tabaka la kihami, weka HSWC ya pikseli 4 kwa urefu unaolingana na mistari ya DMND. HSWC hiyo iwe yake peke yake: iwe mbali na pete kubwa ya HSWC kwa FRME ya pikseli 4 juu na chini, kwa kuwa uambukizo wa HSWC nao unaruka hadi pikseli 2. Iwashe kwa life 10, joto linatoka. Life 0, joto linabaki. Ukitaka swichi ya umeme, PSCN na NSCN (ya aina ya N) zikae pikseli 2 kutoka HSWC na FRME katikati, zisiguse, maana zinayeyuka kwa 1,414.

Nje, gusisha WATR (maji) kwenye ncha ya DMND. Mvuke utaanza hapo hapo.

Kiwandani24 · #21

Hiyo ndiyo faida ya FRME niliyoahidi kwenye #9. Kwa kweli pete nzima ya kihami inaweza kuwa FRME na HSWC ikabaki kwenye madaraja tu. Inaondoa kabisa kosa la #12.

mgeni_hapa · #22

VIBR (vibraniamu) je? Inasemekana inanyonya joto, presha na hata nyutroni.

TanuriKuu · #23

Inanyonya kweli, inahifadhi, halafu inalipuka. Umejenga bomu lenye saa. Tupa.

Na kwa wanaojaribu tu miundo, jengeni kwanza kwa ukuta wa kawaida wa menyu ya kuta. Hauna joto, hauyeyuki, unazuia presha na chembe zote, na umeshapangwa kwenye vyumba vya 4 kwa 4. Thibitisha PUMP, PCLN na VOID zako humo, ukiridhika ndipo ubadilishe kwa tabaka tatu. Kasoro yake ni kwamba joto haliwezi kutoka kupitia ukuta huo, kwa hiyo ni maabara, si kiwanda.

ChecheZaPwani · #24

Na anayetaka kwenda hadi mwisho, O2 kuwa BRMT?

Bi_Nyutroni · #25

Joto zaidi ya 9,700, presha zaidi ya 250, na mvutano wa Newton uwe umewashwa na uwe zaidi ya 20 mahali O2 ilipo. PUMP zote ziwe 256. GPMP (pampu za mvutano) ndizo zinazoleta mvutano. Nazo hazipokei joto, zikae ndani ya tabaka la DMND kama PUMP, life 10, na mvutano unawekwa kwa temp vilevile. Tabaka hazibadiliki hata moja: DMND, HSWC au FRME, TTAN. VOID ya NBLE iondolewe, maana sasa NBLE ni kuni.

BRMT inazaliwa kwenye joto hilo kwa hiyo utaiona kama LAVA, si unga. Bonyeza D uangalie LAVA ile imebeba nini kabla hujasema haikufanya kazi.

mgeni_hapa · #26

LAVA ya BRMT imeonekana, kama chembe 30 hivi. Lakini daraja la #20 limeanza kuyeyusha chumba cha chini.

FundiAlmasi · #27

Mstari wa kwanza wa chumba cha chini, umeweka FRME?

mgeni_hapa · #28

Nimeweka pikseli tatu badala ya nne. Ya nne ilikuwa TTAN. Narekebisha.